Msumari wa Mlango wa Kuze

Mchoro wa kwanza niliouza mtandaoni ulinunuliwa na mtu aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Ilikuwa Ramadhani ya 2020. Tulikuwa tumeshafuturu, vyombo bado viko siniani, nikachukua simu nikauweka Instagram mchoro wa mlango mmoja wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, niliokuwa nimeumaliza siku hiyo. Mlango wa pande mbili, mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika ufa, umechongwa maua tangu juu hadi chini, miimo imeliwa na chumvi, na upande wa kushoto, usawa wa macho, msumari mmoja ulioshika kutu. Watu wakabonyeza mioyo yao kama kawaida. Kisha ikaingia sauti. Mtu mzima, Kimvita chake kimenyooka, na nyuma yake magari yanapita kwenye barabara ya mvua. "Mwanangu, huo msumari aliupiga babangu. Hapo ndipo alipokuwa akitundika kandili. Wauzaje?"

Alikuwa Leicester, Uingereza, na alitoka Mombasa kijana. Nilimtajia shilingi 3,500, bei ya mtu anayeona haya kutaja bei. Alinyamaza kidogo, akaniambia atamtuma mpwa wake wa Majengo anitumie elfu kumi kwa M-Pesa, na kwamba siku nyingine nisimtajie mtu mzima bei ya nyanya za sokoni. Mchoro ulikaa kwa mpwa wake mpaka ndege zilipoanza tena kuruka Agosti.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaochora, wa hapa Mjini na wa Kisauni na Likoni, kama kweli mtu anaweza kula kwa kuuza michoro mtandaoni. Huwa nawajibu kwa kifupi kwa sababu huwa tuko njiani. Leo nataka kujibu kwa kirefu, na nitaanza na huo msumari, maana miaka yote hii sijapata somo kubwa kuliko lile.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza mkono kwa mkono. Asubuhi nilikuwa nikienda na kigoda changu karibu na Ngome ya Yesu, au nikikaa kwenye kivuli Ndia Kuu ambako wageni hupita wakitoka ngomeni. Sikuwa na duka. Nilikuwa na ubao, rangi za maji, chupa ya maji na kitambaa. Mgeni akisimama dakika tano akaona mkono unavyokwenda, aghalabu hununua. Akiupita mchoro uliokwisha, umelazwa tu chini, huwa hauoni hata ukiwa mzuri vipi. Niliuza hivyo kwa miaka sita bila kujiuliza kwa nini.

Basi 25 Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Wageni wakakatika kama maji ya mfereji. Tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale wenyewe, haingii mtu hatoki mtu, na kufungwa huko kukaongezwa hadi Juni. Tulikuwa ndani, jua kali, kila mtu na simu yake barazani. Dadangu, ambaye huchora hina za maharusi, alikuwa hana bibi harusi hata mmoja. Mama alikuwa akiniuliza kila jioni, bila ubaya wowote, "Leo umeuza?" Ndipo nikaanza kuweka milango mtandaoni, mmoja kila siku, kwa sababu niliweza kuichora kwa kichwa bila kutoka.

Baada ya yule bwana wa Leicester nikaamini kwamba dunia nzima imefunguka. Nikafungua duka kwenye soko moja kubwa la mtandaoni la kazi za mikono. Nikapiga picha michoro 40, nikaiandikia maelezo kwa Kiingereza usiku kucha, nikalipia kila tangazo. Miezi saba. Nikauza miwili. Halafu nikagundua kwamba nchi yetu haimo kwenye orodha ya nchi ambazo soko lile huzilipa moja kwa moja, na mwishowe duka langu likafungwa kwa barua pepe ya mistari minne. Niliumia sana. Nilimwambia Mama nimefungiwa duka, akatazama dirishani kana kwamba ataliona.

Lakini kilichonikosesha wateja hakikuwa malipo. Malipo yana njia zake: tangu 2018 pesa za PayPal zaweza kuingia M-Pesa, unakatwa kwenye kubadilisha dola lakini zinafika. Kilichonikosesha ni kwamba nilikuwa nimelaza michoro chini, kama ile wageni walioipita Ndia Kuu bila kuiona. Mtu wa mbali aliona mlango mzuri kati ya milango elfu mizuri. Hakuona mkono, na hakuwa na msumari wake.

Wanunuzi wangu wa kweli, nilipokaa nikahesabu daftari langu, walikuwa wa aina mbili tu. Wa kwanza ni watu wetu walioko nje: Leicester, London, Toronto, Muscat, Dubai, Jeddah. Hao hawanunui sanaa, wananunua baraza ya nyanya yao. Wa pili ni wageni waliowahi kufika hapa, wakatembea uchochoro huo huo, wakapotea, wakaelekezwa na mtoto. Mtu asiyekuwa hata mmoja kati ya hao wawili alikuwa amenunua mara tatu kwa miaka miwili. Nilipoliona hilo nikaacha kuandika maelezo ya kumvutia kila mtu. Nikaanza kuandika kwa Kiswahili, nikitaja mtaa, na nikaomba watu wasahihishe. Wakasahihisha! "Huo si wa Kibokoni, huo ni wa Mkanyageni, karibu na kwa muuza maziwa." "Hapo palikuwa na pete ya chuma." Kila anayesahihisha ni mtu aliyesimama kutazama, kama mgeni kwenye kigoda changu.

Nikaanza pia kurekodi mkono. Video ya dakika moja, hakuna uso, hakuna muziki, sauti ya brashi kwenye karatasi na kunguru nje. Hizo ndizo zinazouza. Nasema hivi kwa uhakika wa daftari.

Sasa niwaonyeshe hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na mimi nilijidanganya kwa muda mrefu.

Mchoro wa A3, rangi za maji, niliuuza dola 120 kwa mama mmoja wa Hamburg. Kwa bei ya dola wakati huo ni shilingi 15,480. Ada za malipo na tofauti ya kubadilisha pesa zikala kama 1,000. Usafirishaji 5,200, nao nilikuwa nimeujumlisha kwenye bei kwa sababu niliona wengine wakiandika "usafirishaji bure". Karatasi ya pamba ya gramu 300 na rangi, 1,100. Kadibodi mbili ngumu, karatasi laini, plastiki na gundi, 400. Nikabaki na 7,780. Mchoro ule ulinichukua saa 31, na hizo ni za kukaa tu, sijahesabu kwenda kuutazama mlango alfajiri mara tatu ili kivuli kikae sawa. Ni kama shilingi 250 kwa saa. Dadangu kwa bibi harusi mmoja, mikono na miguu, usiku mmoja, huondoka na pesa karibu sawa na hizo, na hakuna anayemwambia apunguze kwa sababu hina ya kopo ni rahisi.

Hadithi ya mchoro ule haikuishia hapo. Uliondoka Mei, katikati ya masika. Wanaoishi hapa wanajua masika inavyofanya: nguo zinakaa na unyevu kabatini, viatu vya ngozi vinaota ukungu, chumvi haitoki kwenye kichupa. Karatasi ya pamba inakunywa hewa hiyo. Mchoro ulikuwa umekaa kwenye droo wiki tatu kabla ya kuuzwa, nikaufunga kwenye plastiki vizuri sana, nikafungia unyevu ndani pamoja nao. Ulifika Hamburg na madoa madogo ya rangi ya chai kwenye anga, juu ya kizingiti. Koga. Yule mama alinitumia picha kwa adabu kubwa, akaniuliza kama ni mtindo. Nilimrudishia pesa zake zote, na wiki ile tulikula mbaazi za siku mbili.

Tangu siku hiyo michoro yangu hukaa kwenye sanduku la bati, lile la shuleni, na chini nimetandika vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nimewaomba wauza viatu wa Biashara Street waniwekee, wananiwekea kwa mfuko. Kila baada ya wiki chache navikausha kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo. Mchoro wa kusafiri naufunga mchana wa jua, haujagusana na plastiki, una karatasi katikati. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, hewa inakuwa nyepesi na mimi hufanya kazi kubwa wakati huo. Masika nachora vidogo, nafanya oda, naskani.

Ukubwa nao una hekima yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za viwandani, na vilikuwa vya kiasi cha kubebwa na mgeni. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo ule unaliisha watu mpaka leo. Mimi naamini kipimo kile kilichangia sana. Nilikuwa natamani turubai kubwa, ya ukuta mzima. Lakini kitu cha kuuzwa mbali lazima kipite kwenye mlango wa posta. Sasa kazi zangu nyingi ni A4 na A3, zinalala bapa kati ya kadibodi mbili, na kubwa zaidi ya hapo nasubiri mteja aje mwenyewe.

Kuhusu forodha nitasema machache. Tangu Julai 2021 nchi za Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwenye kifurushi cha bei ndogo, na Marekani iliondoa msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Mteja akiambiwa mlangoni alipe asichokitarajia, hasira zake zinakuja kwako. Mwambie kabla. Na kama ni mchoro uliochorwa wote kwa mkono, andika hivyo wazi kwenye fomu, kwa kuwa una fungu lake la forodha, 9701, na hauhesabiwi sawa na nakala zilizochapwa.

Niwaambie na la wezi. Mwaka wa pili niliandikiwa barua pepe na mtu aliyesema mkewe amekuwa akitazama michoro yangu kwa siri, naye anataka kumshangaza siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Alitaka mitatu, hakuuliza bei mara mbili. Nilifurahi mpaka nikamwambia Mama tutabadilisha jiko. Kisha ikaja barua iliyofanana kabisa na ya kampuni ya malipo, kwamba pesa zipo lakini zimezuiliwa mpaka nimtumie msafirishaji wake shilingi 38,000, na nitarudishiwa. Nilikuwa nimeshaanza kukopa kwa shangazi. Shangazi, ambaye hana barua pepe maishani mwake, ndiye aliyeniuliza: "Mwenye kununua ni yeye, mbona mwenye kutoa pesa ni wewe?" Nikakaa kitako. Baadaye nimegundua kwamba barua ile ile, mke yule yule, siku ile ile ya ndoa, imetumiwa wachoraji dunia nzima. Mnunuzi wa kweli huuliza kuhusu mchoro: ukubwa, rangi itapauka au la, mlango uko wapi. Yule hakuuliza hata mtaa.

Na kuna wizi wa pili, wa picha yenyewe. Nilipita duka moja la vikumbusho vya watalii nikauona mlango wangu kwenye vikoba vya kitambaa, safu nzima, msumari na kutu yake. Miguu ilininyong'onyea. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi tangu inapofanywa, bila kusubiri usajili, hadi miaka 50 baada ya mchoraji kufa. Nilijua hayo. Lakini sikwenda na sheria, nilikwenda na daftari langu la rasimu, lenye tarehe, nikalifungua juu ya meza ya mwenye duka. Alisema alidhani kitu cha intaneti hakina mwenyewe. Tulimaliza kizee, kwa kahawa: alinilipa elfu nane, akaahidi kuacha, na ameacha. Siku hizi sipandishi picha yenye upana wa zaidi ya pikseli 1,080, na jina langu nalichora ndani ya nakshi, penye majani, ambapo kulikata ni kuuharibu mlango.

Kuna picha za milango ya Kiswahili zinazotengenezwa na akili bandia pia, nyingi sasa. Mtu asiyejua anaziona nzuri. Zitazame kwa karibu: nakshi inaanza kama ua inaishia kama moshi, na mara nyingi mfaa haupo. Mlango wa pande mbili bila mfaa hauzibi ule ufa wa katikati, upepo na macho ya wapita njia vinaingia. Fundi aliuweka pale kwa sababu. Nilipoonyesha tofauti hiyo kwenye video moja, oda nne zilikuja wiki ile, zote kutoka kwa watu wetu wa nje. Mmoja aliandika neno moja tu: "Mfaa." Nadhani alikuwa miaka mingi hajalisema.

Basi nakula kwa mtandao? Kodi ya nyumba na karatasi, ndiyo. Chakula na ada ya mwanangu hutoka kwa masomo ya Jumamosi ninayofundisha watoto Tudor na kazi za kupaka majina na nakshi kwenye hoteli na mikahawa ya hapa, ambazo nazo nyingi zinakuja kwa kuwa mwenye mkahawa aliniona kwenye simu. Sioni haya tena kuvitaja vyote pamoja. Na bei yangu haitoki tena kwenye woga. Nahesabu saa, karatasi, ada, usafiri kando, kisha nasema, na nikishasema nanyamaza. Ule mlango wa A3 leo ni dola 260 bila usafiri. Wanaonunua ni wachache kuliko zamani, lakini sijawahi kuzipata pesa hizi kwa wale wengi.

Wiki iliyopita nimepata oda kutoka Leicester tena. Ni binti wa yule bwana. Babake alifariki mwaka jana, na mchoro wa msumari umebaki kwa kaka yake mkubwa. Yeye anataka mlango wa nyumba ya bibi yake mzaa mama, Kibokoni, ambao hajawahi kuuona ila kwa maneno. Nilikwenda. Mlango haupo. Umeuzwa siku nyingi, hapo sasa pana geti la chuma la kijani na kengele ya umeme.

Nilitaka kumwandikia kwamba haiwezekani. Lakini barazani mkabala alikuwa amekaa mzee mmoja na buli la kahawa, akaniuliza natafuta nini. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasogeza kikombe chake, akalowesha kidole kwenye maji ya kusuuzia, akachora kwenye saruji: mfaa, maua matatu makubwa, samaki chini kwenye miimo huku na huku, mnyororo ukizunguka pembezoni. Kilipokauka akachora tena, taratibu, nami nikinakili. Akasema samaki wa kulia alikuwa na jicho, wa kushoto hakuwa nalo, fundi alisahau au aliacha makusudi, na watoto wa mtaa walikuwa wakibishana juu yake.

Nimemtumia binti yule rasimu na bei. Amelipa nusu. Ameniuliza swali moja tu, kama naweza kumwacha samaki wa kushoto bila jicho, nami nimeshaikata karatasi.